Friji la Mlango Mmoja

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu. Munira ndiyo kwanza anaingia kutoka kwao Bunju, mkoba bado uko begani, na mimi nimesimama pembeni ya friji la milango miwili nikitabasamu kama bwana harusi. Wengi mmeniandikia mkiuliza alifurahi kiasi gani. Naomba mkae chini kwanza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Mfaume, nina kibanda cha simu Mbagala Rangi Tatu. Siuzi simu, nabadilisha. Unaleta yako, unaongeza kidogo, unaondoka na kubwa zaidi. Kazi hiyo imeniingia mpaka kwenye damu. Katika miaka mitatu ya ndoa yangu na Munira nimebadilisha redio, feni, pikipiki mara tatu, na kitanda cha futi nne nimekipandisha mpaka kikafika sita kwa sita. Simu yangu mwenyewe ilianza ikiwa kiswaswadu, kile kidogo cha vitufe chenye tochi. Baada ya kubadilisha mara kumi na moja nikawa natembea na simu ambayo wateja wakiiona wanasahau walichokuja kutafuta.

Siku ile Munira alipokwenda kumwona mama yake, nikaona sasa ni zamu ya friji.

"Mume wangu, friji liko wapi?" aliuliza.

"Si hilo hapo! Juu linagandisha, chini linapoza. Ukifungua, linawaka taa ya buluu."

"Hilo naliona. Nauliza friji langu liko wapi."

"Ndiyo limekuwa hili. Nimelipeleka kwa Adelard pale Temeke, nikaongeza kidogo, nikapewa mashine. Zawadi yako hiyo."

Munira akafungua mlango wa juu. Akafungua wa chini. Taa ya buluu ikamwangaza usoni, na uso wenyewe haukuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

"Na dawa ya mama?"

"Dawa gani?"

"Chupa mbili za insulini. Zilikuwa mlangoni, nyuma ya chupa ya ukwaju. Mama anakuja Jumamosi kukaa na sie wiki mbili, nikamchukulia mapema. Si nilikwambia?"

Kweli aliniambia. Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, nikaitikia "sawa" bila kusikia hata neno. Na siku ya kubadilisha nilitoa samaki na barafu kwa haraka nikampelekea jirani yetu Bi Chausiku, lakini mlangoni sikuangalia. Macho yangu yalikuwa kwenye milango miwili.

Nikampigia Adelard hapohapo, nikaweka spika ili mke wangu asikie jinsi ninavyomaliza matatizo.

"Adelard, braza, lile friji letu dogo lipo?"

"Lile? Lishaondoka, kaka! Halikumaliza hata saa moja. Lipo Tegeta saa hizi."

"Kulikuwa na vichupa mlangoni."

"Vile vya sindano? Nilivitupa, mwanangu. Mie mambo ya sindano naogopaga."

Munira akakaa kwenye kigoda. Nikategemea makelele, na makelele nayawezaga. Yeye akaniuliza polepole tu, kama anayeuliza bei.

"Hivi wewe kuna kitu umewahi kukaa nacho mpaka kikachakaa?"

"Kichakae cha nini wakati kuna bora zaidi?"

"Na siku ukikutana na mwanamke bora kuliko mie?"

Hapo, wasomaji wangu, mwanaume mwenye akili angekaa kimya. Mimi nilicheka. Kisha nikasema, "Labda nijue kwanza natakiwa niongeze ngapi."

Ulikuwa utani. Maneno hayohayo nayasema kibandani kila siku na watu wanacheka. Munira hakucheka. Aliokota mkoba uleule alioingia nao, akatoka, na mlango aliurudishia taratibu kabisa.

Sasa niwaambie kitu ambacho wiki iliyopita nilikificha kwa aibu. Lile friji halikuwa langu. Halikuwa hata letu. Lilikuwa mahari.

Watu wa pwani hapo mmeshashika vichwa. Kwa asiyejua: bibi harusi huulizwa anataka mahari gani, na akishapewa inakuwa mali yake peke yake. Mume hana humo hata kipande. Wenzake walikuwa wanataja dhahabu, wengine kitanda na kabati. Munira alituma jibu la maneno manne: friji, jipya, mlango mmoja. Sheikh aliyetufungisha ndoa aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Nikaitikia mbele ya watu wote kwamba nimekubali kumuoa kwa mahari ya friji, na mjomba wangu mmoja alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Friji lenyewe, wakati linashushwa kwao, liligonga nguzo ya geti likapata kibonyeo upande wa kushoto. Nikasema twende tukabadilishe. Munira akakataa. "Hilohilo," alisema, "ndiyo langu." Nikadhani ananionea huruma. Tangu hapo alikuwa anagandishia humo barafu za ubuyu, watoto wa mtaa mzima wanagonga dirisha letu, na kila akilifuta alipitisha kitambaa kwenye kile kibonyeo kwa uangalifu.

Jumapili nikapanda pikipiki kwenda Bunju kuomba radhi. Mkwe haendi mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba mkate, maembe na sukari kilo mbili. Nilipofika getini ndipo nikakumbuka naipeleka sukari kwa mtu anayechoma insulini. Nikaificha chini ya kiti cha pikipiki, nikaingia na mkate na maembe, kisha nikakumbuka na maembe nayo si salama sana. Nikamkabidhi mkate peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Dawa nimeshapata nyingine hapa zahanati, usiwe na wasiwasi."

Bi Hamisa, mama mkwe wangu, alisema hivyo kwa upole kabisa. Angenitukana ningepumua.

Aliyekuwa amekaa kwenye kochi la pembeni hakuwa na upole huo. Baba Suleiman ni mdogo wa marehemu baba yake Munira, na ndiye aliyeniozesha. Hata salamu yangu aliipokea kwa kichwa tu.

"Mahari ya binti yangu iko wapi?"

"Ipo, baba. Nimeiboresha."

"Nimekuuliza iko wapi. Sikuuliza imekuwaje."

"Iko Tegeta."

"Tegeta kwa nani?"

"Bado sijajua, baba."

Akamgeukia Bi Hamisa. "Shemeji, mweleze huyu. Mie nikimweleza nitavunja kitu."

Bi Hamisa akajitanda kanga vizuri, akaanza.

"Munira alikuwa darasa la nne. Tulipanga chumba kimoja, friji hatuna, dawa yangu inakaa kwa jirani. Kila asubuhi mtoto anakwenda kuigonga ile nyumba. Na kila asubuhi anaambiwa aoshe vyombo kwanza ndiyo apewe. Siku nyingine afagie uwanja. Anarudi kachelewa shule, anachapwa. Siku moja yule jirani akasafiri kwenda Tanga, kafunga mlango, kaondoka na ufunguo. Mie nikalazwa siku tatu. Nilipozinduka, mwanangu huyu kakaa kitandani kwangu na sare za shule, akaniambia mama, mie nikiolewa sitaki dhahabu."

Nilikuwa sijui. Miaka mitatu nakula na mtu sahani moja na sijawahi kumuuliza kwa nini friji. Niliona aibu ya kweli, ile inayokufanya utazame vidole vyako vya miguu.

Baba Suleiman hakuniacha nipoe.

"Na kuna kubwa zaidi. Mwanamke akichoka na ndoa, dini imempa njia ya kujivua. Anamrudishia mume mahari yake, mume anatoa kauli, wanaachana kwa heshima. Wewe hata njia hiyo umemzibia. Leo Munira akitaka kutoka, atarudisha nini? Taa ya buluu?"

Naungama kwenu, kwa kuwa hapa ndipo mahali pake: niliposikia hivyo, ndani ya moyo nilishukuru kidogo. Kumbe hawezi kuondoka! Sikuonyesha usoni, lakini nilishukuru.

Munira akatoka chumbani. Macho yalikuwa mekundu ila sauti ilikuwa kavu.

"Nataka friji langu. Lilelile, na kibonyeo chake."

"Nikilileta utarudi nyumbani?"

"Lilete kwanza."

Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akisema "lilete kwanza" ujue ameshanunua. Niliondoka Bunju nikipiga mluzi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Adelard. Mafriji yake ya mtumba yamepangwa barazani mpaka barabarani, na yeye anakaa katikati yake akila karanga.

"Kaka, nakujua wewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ushachoka na milango miwili. Njoo uone hili. Mitatu! Na hapa mbele unaweka glasi, maji yanatoka yenyewe."

Nililitazama. Sitawadanganya, nililitazama, hata glasi niliiweka. Maji yakatoka. Nikawaza Munira atakavyoshangaa, kisha nikajishika mwenyewe, nikaogopa kwa jinsi nilivyo.

"Adelard, nataka lile dogo. Nani kalichukua?"

"Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa kutoka bara, anaitwa Genoveva. Geti la kijani, nyuma ya soko la Tegeta. Lakini kaka, mtu anarudi nyuma? Kazi yetu sie ni kupanda."

Nikakodi kirikuu ya Marselino, dereva wa pale Rangi Tatu ambaye pikapu yake ndogo imebeba nusu ya vitu nilivyobadilisha maishani. Tukapakia la milango miwili, tukavuka mji mzima.

"Mwanzo nilikuletea hili," Marselino aliniambia njiani, "sasa nalirudisha. Mfaume, wewe ungeoa kirikuu."

Mwalimu Genoveva alitukaribisha sebuleni. Friji la Munira lilikuwa pale ukutani, limevalishwa kitambaa cha kudarizi, juu yake picha ya mjukuu aliyevaa joho la mahafali. Kibonyeo kilikuwa kinanitazama. Nilitamani kulikumbatia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, nieleze vizuri, uanze mwanzo."

Nikaanza mwanzo, mpaka kwenye insulini. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono kama anasikiliza mwanafunzi aliyekosa kuleta daftari. Nilipomaliza nikasimama kumwonyesha dirishani.

"Hilo hapo nje, mwalimu. Milango miwili. Nakuachia hilo, nachukua hili. Faida tupu upande wako."

"Mimi naishi peke yangu, kijana. Milango miwili nitafungua na nani?"

"Lakini ni kubwa, mwalimu!"

"Kubwa nilikuwa nalo. Lilikuwa linakula umeme, nanunua leo, keshokutwa giza. Nikamwambia Adelard nipe dogo linalonitosha. Nimelipata, nimeridhika."

Neno lile, nimeridhika, sikuwahi kulisikia kibandani kwangu. Nikamsihi, nikamwita mama, nikamwita bibi, nikafika mpaka kumwita mzazi wangu wa pili. Mwishowe akavua miwani.

"Hilo kubwa nitawapa masista, wana watoto wa kulisha. Lakini mimi nitabaki bila friji mpaka nitafute jingine. Kwa hiyo ongeza."

"Niongeze?"

"Ongeza kidogo. Si ndivyo mnavyosemaga? Simu yako hiyo, mtu anaweza kumwona mjukuu wake aliye Dodoma wakati wanaongea?"

Nikaelewa ninakopelekwa. Nilitazama ile simu. Ngazi kumi na moja, miaka saba, kioo kisicho na mchubuko hata mmoja. Kisha nikatazama kibonyeo. Nikatoa laini yangu, nikamkabidhi.

Mwalimu ni mtu wa haki. Hakutaka niondoke bila simu, kwa hiyo alinipa ya kwake. Kiswaswadu chenye tochi.

Marselino alicheka mpaka akaegemea gari nje ya geti. Mimi pia nilicheka, na cha ajabu nilikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetoa cha thamani kubwa nikachukua cha thamani ndogo, na nilijiona ndiye niliyepata.

Mwalimu alitusindikiza mpaka kwenye gari. Akaniuliza, "Mkeo amesema ukilipeleka atarudi?"

"Amesema nilipeleke kwanza."

"Na wewe umeelewa nini?"

"Kwamba atarudi."

"Mmh," akasema, akafunga geti lake la kijani.

Bunju tuliingia alasiri. Tulilishusha friji taratibu, nguzo ya geti tukaikwepa kwa mbali. Munira alikuja akachuchumaa mbele yake. Akapitisha kiganja kwenye kibonyeo. Akafungua mlango, akaukagua mpira wake, akahesabu rafu, akalichomeka kwenye umeme. Likaunguruma. Akafumba macho.

"Asante, Mfaume."

Nataka mlishike hilo, kwa sababu mimi sikulishika. Munira hajawahi kuniita Mfaume. Huniita mume wangu hata akiwa amenikasirikia, hata siku nilipobadilisha feni kukiwa na joto la Januari nikaleta inayohitaji spea ya kuagiza Dubai.

"Naona simu yako imebadilika," akasema.

"Imeshuka. Nimeongezea hapo."

Akainuka, akanigeukia. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikajua moyo umelainika.

"Nyumbani lini?" nikauliza.

"Nipe siku mbili tatu."

Baba Suleiman alikuwa mlangoni. Safari hii alinipa mkono.

Jumanne nikafunga kibanda. Nikapaka rangi jikoni, nikamwita fundi akafunga soketi mpya palepale friji lilipokuwa linakaa. Jumatano nikafua mapazia. Nilinunua na ubuyu, kilo nzima, ili akirudi aanze na barafu zake siku hiyohiyo. Bi Chausiku, jirani yetu asiyepitwa na jambo, alichungulia mara nne.

"Anarudi?"

"Anarudi, Bi Chausiku."

"Nilisema mie! Mapenzi ya kweli hayaharibiwi na friji. Siku akirudi napika pilau kwa mkono wangu."

Leo Alhamisi, saa nne asubuhi, nikasikia honi ya kirikuu. Marselino huyo. Nyuma, limefungwa kamba na kuvalishwa shuka safi, friji la mlango mmoja.

Nilipiga kelele. Bi Chausiku akatoka na kanga moja, akaliona, akapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka.

"Katanguliza friji, yeye anafuata!" alitangaza. "Mwanamke hatangulizi kitu chake mahali asipokwenda!"

Maneno yenye akili kabisa. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Tukalishusha, likaingia mahali pake kama halijawahi kuondoka. Marselino peke yake ndiye hakuwa na furaha. Alikuwa anakwepa macho yangu, na Marselino si mtu wa kukosa la kusema.

"Kuna karatasi ya kusaini," akasema. "Kwamba umepokea."

"Tangu lini nakusainia wewe?"

"Mzee wa Bunju kasema. Na kasema atie sahihi na mtu mwingine aliyeona."

Nikaona neno friji, nikaona neno kamili, nikasaini nakala zote mbili juu ya boneti. Bi Chausiku naye akaweka jina lake kwa herufi kubwa, akakimbilia kwake kuanza pilau.

"Uisome nakala yako, Mfaume," Marselino aliniambia akiwa ameshawasha gari.

"Nitasoma, bwana. Nenda salama."

Nikaingia jikoni. Nikalichomeka. Likaunguruma, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikachukua chupa ya ukwaju niliyokuwa nimemwandalia, nikafungua mlango niiweke mahali pake pa zamani.

Pale mlangoni, kwenye kijirafu kilipokuwa kinakaa dawa ya mama mkwe, kulikuwa na ufunguo. Ufunguo wa Munira wa nyumba yetu, wenye kikoba chake chekundu cha shanga.

Nikasema maskini, kausahau. Atagonga akifika.

Kiswaswadu kikalia. Ilikuwa namba ya Baba Suleiman.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelipokea?"

"Nimelipokea, baba! Limefika salama, halina mchubuko."

"Limekamilika?"

"Kila kitu, baba. Hata rafu zake zote."

"Alhamdulillahi. Nimeweka spika, wapo wazee wawili hapa wamekusikia. Na karatasi umetia sahihi?"

"Nimetia mimi na jirani."

"Uliisoma?"

Nakala yangu sikuwa nimeigusa. Ilikuwa mezani, nikaivuta. Yalikuwa maneno machache, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya buluu: *Mimi Mfaume nimepokea kutoka kwa Munira mahari yake yote, nayo ni friji moja la mlango mmoja, likiwa kamili.*

Nikaisoma tena. Nikakumbuka kochi la Bunju na maneno yaliyosemwa pale, yale niliyoyashukuru kimoyomoyo. Alikuwa hana cha kurudisha. Nikavuka mji mzima, nikatoa simu yangu, nikambembeleza mwalimu wa watu, nikampelekea mwenyewe mpaka mlangoni.

"Baba," nikasema, "mimi nililileta ili arudi."

"Alikwambia atarudi?"

"Alisema nililete kwanza."

"Ukalileta. Tumekushukuru kwa hilo, na hakuna atakayekusema vibaya. Kesho Ijumaa, baada ya swala, uje Bunju. Mahari umeshapokea. Kilichobaki ni kauli yako tu."

"Na nisipoitoa?"

Nilisikia wazee wakinong'ona, kisha simu ikabadilisha mkono. Niliijua pumzi yake kabla hajasema.

"Munira," nikasema, "kama kuna mwanaume mwingine niambie. Kama umepata bora zaidi niambie tu."

"Unaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Hata hapa unafikiria kubadilisha. Mie sijakubadilisha na mtu, Mfaume. Nimekurudisha tu."

Simu ikakatika. Nilibaki jikoni, ufunguo mkononi, rangi mpya inanukia, friji linaunguruma.

Dirisha likagongwa. Bi Chausiku alichungulia, upawa mkononi, jasho linamtiririka kwa furaha.

"Mfaume, pilau inakaribia kuiva. Munira anaingia saa ngapi?"